Nakuandikia Huku Rangi Ikikauka

Kwako somo yangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza na hali, kisha huja "dhumuni la barua hii". Basi hali yangu njema, hapa nyumbani wote hawajambo, na dhumuni la barua hii ni kuizuia mikono yangu isiguse karatasi iliyo mbele yangu. Nimepaka anga sasa hivi. Bado imelowa chepechepe, inametameta, na kuna doa moja la bluu upande wa kushoto linaloniudhi kupita kiasi. Nikishika brashi nitaligusa, na nikiligusa nimeharibu anga zima. Kwa hiyo nimeshika kalamu.

Umeniuliza mara mbili kuhusu kile kisanduku cha rangi za maji ulichonipa, na mara zote mbili nilikujibu "nakitumia, nakitumia". Nilikudanganya, unisamehe. Kilikaa kabatini miezi minane. Mtu mzima wa miaka 52, nimelea, nimezika, nimesimamia hesabu za watu wasioaminiana, halafu naogopa vidonge vya rangi! Mara ya mwisho kuchora nilikuwa darasa la tano, jua la pembeni lina miale kama miguu ya buibui. Nilidhani nikifungua kisanduku nitamkuta yule mtoto bado yuko palepale. Nilipofungua, kweli nilimkuta, hakuwa amekua hata kidogo.

Siku ya kwanza nilitumia karatasi ya kuchapishia, ile ya kawaida ya ofisini. Haikupita muda ikajikunja kama jani la kiangazi, ikaanza kutoa vinyweleo, na nilipokazana kusugua ikatoboka. Nikajilaumu kwamba sina mkono. Kumbe karatasi ile ina gramu 80 tu kwa mita ya mraba. Ya rangi za maji huwa na gramu 300, na iliyo nzuri hutengenezwa kwa pamba tupu, ikatiwa gundi nyepesi ili isinywe maji yote mara moja. Tofauti yake huwezi kuiamini mpaka uipake mwenyewe. Siku ukiamua kuanza (najua unalifikiria, usinifiche), fedha yako iweke kwenye karatasi. Brashi moja nene yenye ncha nzuri inatosha, na rangi za wanafunzi si mbaya. Karatasi mbaya itakufanya ujione huna akili.

Rangi zenyewe nilizielewa nilipojua zimetengenezwa na nini. Ni unga wa rangi uliosagwa laini ukashikwa kwa gundi ya mgunga, basi. Maji huilegeza gundi, unga ukaelea na kutembea, na maji yakishapaa hewani unga unabaki pale ulipoachwa. Ndiyo maana kisanduku chako hakikuharibika kabatini, kwani rangi iliyokauka huamka ukiidondoshea maji. Ndiyo maana pia yule anayepaka hapaki rangi hasa, anaongoza maji, na rangi hufuata maji yanakokwenda.

Ngoja niangalie kidogo.

Bado. Juu kumeanza kufifia, chini bado kunang'aa. Doa liko palepale.

Wewe unanijua nilivyo na mikono isiyotulia. Ndiye mimi niliyezirekebisha nywele zako siku ya harusi yako mpaka ukanitoa chumbani. Sasa chukua mtu wa namna hiyo umpe rangi za maji! Nilijiandikisha darasa la jioni, na wiki ya tatu mwalimu aliona ninavyolichokonoa wingu moja kwa mara ya kumi, akaja taratibu, akaichukua brashi mkononi mwangu, akasema, "Mama, kalia mikono yako." Nikadhani anatania. Akasimama pale mpaka nikaikalia kweli, kama mtoto aliyeadhibiwa, huku vijana wa umri wa wanangu wakijikaza wasicheke. Dakika kumi. Na katika dakika hizo kumi wingu lilijitengeneza lenyewe. Kingo zake zililainika, bluu ikatambaa ndani yake kidogo kidogo ikasimama. Mimi nisingeweza kulichora vile hata kwa mwaka mzima.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuusoma mng'ao wa karatasi, na nakwambia somo, hapo ndipo ulipo ufundi wote. Ukimaliza tu kupaka, maji yanasimama juu kama kidimbwi. Hapo rangi yoyote utakayoongeza itakimbia inakotaka. Kisha kidimbwi kinazama, unabaki mng'ao wa hariri. Huo ndio wakati mtamu, ukidondosha rangi nzito kidogo inatawanyika kwa adabu, ikawa wingu au kivuli. Baada ya hapo mng'ao unapotea, karatasi inaonekana kavu, nawe unajisemea imekauka. Haijakauka! Ndani bado ina unyevu, na ukiigusa kwa brashi yenye maji mengi, yale maji mapya yanausukuma unga pembeni, unapata doa lenye kingo za vikunjokunjo. Wachoraji huliita koliflawa, na kweli linafanana nayo. Picha zangu za miezi mitatu ya kwanza zilikuwa bustani ya koliflawa. Kipimo alichonifundisha mwalimu ni mgongo wa kiganja: uweke juu ya karatasi, ukihisi ubaridi, maji bado yamo.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hapa yanazoleka, ila kwa muda mfupi sana. Rangi ikiwa bado mbichi unaichukua kwa brashi iliyokamuliwa, inanyonya, panabaki peupe. Ikishakauka inategemea ni rangi gani. Kwenye kisanduku chako kuna bluu mbili. Moja ni ultramarini, ambayo jina lake la Kilatini lina maana ya ng'ambo ya bahari, maana zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililoletwa Ulaya kutoka Afghanistan, ghali kupindukia. Tangu miaka ya 1820 inatengenezwa kiwandani, ndiyo maana watu kama mimi tunaichezea. Ile naipenda. Unga wake huzama kwenye vishimo vya karatasi ukaacha chengachenga kama mchanga, na ukikosea inafutika kiasi. Ile nyingine, yenye kijanikijani kwa mbali, ikigusa karatasi imegusa. Nimeitoa kabisa. Si wewe uliyekosea kunipa, ni mimi sijafikia daraja lake.

Kwa kweli rangi nyingi nimeziacha. Kisanduku kina 24, natumia sita. Mwanzoni nilizichovya zote, nikichanganya nne tano kwa mpigo, na kila picha ikaishia kwenye rangi ya maji ya kudekia. Sasa nikitaka kijivu nachukua ultramarini na ile kahawia ya udongo uliochomwa, nazikutanisha palepale kwenye karatasi. Zikiwa nzito zinakaribia weusi, zikiwa nyepesi ni kivuli cha asubuhi. Na uzoee kwamba rangi ikikauka hupauka. Unachokiona kizito sasa, baadaye kitakuwa nusu yake. Hili bado linanidanganya kila wiki.

Jambo lililonisumbua zaidi ni nyeupe. Katika rangi hizi, nyeupe ni karatasi yenyewe, kwa hiyo lazima ujue mwanga utakaa wapi kabla hujaanza. Mwezi uliopita nilichora kikombe cheupe juu ya meza. Jioni nzima sikukipaka kikombe. Nilipaka meza, nikapaka ukuta, nikapaka kivuli, nikakizunguka kikombe kama anayemzunguka mtoto aliyelala asimwamshe. Nilipoinuka, kikombe kilikuwa pale, kimekaa, kina uzito. Niliita watu wa nyumbani waje kukiona. Wakasema "kizuri", wakarudi kwenye shughuli zao. Sikuwalaumu, ni kikombe tu. Lakini nilikesha nikikitazama.

Darasani kuna wawili watatu wanaoona kutia rangi nyeupe nzito ni haramu. Mimi huwa nawakumbusha picha ya sungura ya Albrecht Dürer, yule mchoraji Mjerumani, ya mwaka 1502, iliyohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Albertina mjini Vienna. Nimemtazama sana kwenye picha iliyochapishwa. Ni rangi za maji, lakini unyoya mmoja mmoja umemaliziwa kwa rangi nzito na nyeupe. Kama Dürer alitia nyeupe, nani ataninyima mimi? (Ingawa nikiri, nikiitia mimi inaonekana kama chokaa iliyodondoka.)

Utaniuliza napata nini. Sijui nikujibu vipi bila kujikweza. Picha zangu si nzuri. Nina bahasha imejaa, na katika zote labda nne ningekuonyesha bila kueleza kwanza. Nilichokipata ni kwamba natazama. Juzi nilikuwa kwenye foleni ndefu, watu wananung'unika, nami nilikuwa nimezama kwenye kivuli cha nguzo, nikiona upande mmoja umeingia zambarau. Foleni ikasogea, aliye nyuma akanigusa bega. Zamani ningekuwa wa kwanza kunung'unika, unajua hilo.

Nimekuwekea humu moja kati ya zile nne, ya kiti cha dirishani. Utaona mguu wa nyuma umekuwa mrefu kuliko mingine. Niliuona ukiwa bado mbichi, nikaukalia mikono. Usiibandike kwenye mwanga wa jua, maana ule wekundu wa mto wa kiti ni wa rangi isiyodumu, utapauka mpaka usiuone. Na sikuambii ujifunze, ila nina karatasi za ziada, na ubao wa pili, na ukija siku mbili tatu tutakaa pamoja tuharibu.

Nimeweka mgongo wa kiganja. Kona ya juu haina ubaridi tena, na chini nako naona hakuna. Lile doa la kushoto limesambaa, limekuwa kama mvua inayokuja kwa mbali. Sikulifanya mimi. Sasa kuna mstari wa miti wa kuweka chini yake, rangi nzito, kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kalamu naiweka hapa.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi somo yako