Barua kwa Mwanaidi: nilirudi kwa wale wanyama

Bagamoyo,
Oktoba 2024

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mama anakusalimu na anauliza lini utashuka kutoka Tanga.

Jumapili niliwapeleka watoto wa dada kwenye ile bustani ndogo ya wanyama tuliyoingia siku tuliyotoka kuona magofu ya Kaole. Nianze na yule tumbili, maana najua ndiye utakayemuulizia kwanza. Hayuko peke yake tena! Wamemletea mwenzake, wamebomoa ukuta wa kati vizimba viwili vikawa kimoja, na ndani wamefunga kamba nene za katani na matawi ya mwembe. Unakumbuka alivyokuwa akizunguka pembe ile ile mpaka saruji imeng'aa? Safari hii nilimkuta kalala kifudifudi juu ya gogo, mwenzake anampekua manyoya. Tumbili porini huishi kundi zima, na huko kupekuana ndiko kunakowaunganisha. Nilisimama pale mpaka watoto wakanivuta kanga.

Kwa mamba ndipo nilipokaa zaidi. Sasa kuna ukuta unaowatenga wakubwa na wadogo, na ulihitajika sana, kwani mamba mkubwa humla mdogo hata wa jamii yake. Upande wa wakubwa wameezeka makuti na kumwaga tuta la mchanga. Uliniuliza kwa nini wanaachama vile. Mamba hatoki jasho, hupunguza joto kwa kuachama. Na kwa kuwa mwili wake hufuata joto la mahali alipo, anahitaji jua na kivuli vyote viwili. Siku ile walikuwa na jua tupu. Sasa wengine wameota jua, wengine wako chini ya makuti, kila mmoja kajichagulia.

Na ule mchanga umeshapata kazi: jike mmoja ametaga! Hufukua shimo la nusu mita hivi, hutaga mayai kama 50, hufukia, kisha hulinda karibu miezi mitatu. Mtunzaji alinieleza jambo nikabaki kumwangalia tu: joto la kiota ndilo linaloamua dume au jike. Kwenye nyuzi 32 hadi 34 madume huwa wengi. Chini ya 31 hutoka majike. Basi hata yale makuti, yakitupa kivuli juu ya tuta, yana neno lao katika uzao ule.

Kobe wako vile vile, isipokuwa wamepata beseni pana la maji.

Chatu ndiye aliyenitia uchungu. Macho yake yalikuwa na ukungu wa buluu, dalili kwamba karibu atajivua gamba, na wakati huo nyoka haoni vizuri na hutaka kujificha. Lakini kile chumba cha kioo hakina hata gogo la kujificha nyuma yake, na watu wanagonga kioo ili ajitikise. Nilimwambia mtunzaji wamwekee hata chungu kikubwa kilichovunjika. Aliitikia vizuri, nami nitamkumbusha.

Njoo Desemba, mayai yatakuwa yanaanguliwa. Na usisahau zile picha zilizo kwenye simu yako ya zamani, nataka kumwonyesha mtunzaji lile bwawa lilivyokuwa.

Wako akupendaye,
Zuhura