Mfuko wa rambo sio nailoni jamani

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Kila mkiandika habari za ile mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019 mnaiita mifuko ya nailoni, na mtaani nako ndo tunavyoiita, lakini ile ni politheni, aina moja ya plastiki, nailoni ni plastiki nyingine kabisa. Mimi ni fundi mchongaji, nashinda kwenye mashine ya kukereza vyuma, na hili jina linatuumiza sisi na wateja wetu.

Kuna mteja aliniletea mashine ya kupukuchua mahindi, bushi za shaba, zile pete ambazo shafti inazunguka ndani yake, zimelika, nikamshauri tuweke nailoni maana haili shafti, haidai grisi kila saa, kelele zinapungua na uzito wake ni kama moja ya saba ya chuma. Nikaenda dukani nikauziwa rodi nyeupe, naambiwa chukua fundi hii ndo nailoni, nikachonga nikafunga. Wiki mbili tu mteja huyo karudi, tundu la bushi limekuwa kama yai. Kipande kilichobaki nikakitupa kwenye ndoo ya maji, kikaelea! Nailoni ni nzito kuliko maji, lita moja ya ujazo wake ni kama kilo 1.14, lazima izame, ile iliyoelea ilikuwa politheni ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi wakati nailoni 6, aina moja ya nailoni, haiyeyuki mpaka karibu 220. Na kwa kweli ningeshtuka mapema, maana wakati nachonga ilikuwa inateleza mkononi kama mshumaa. Nikamchongea upya kwa hela yangu, msimu wa mahindi hausubiri mtu.

Mafundi wenzangu, kateni kipande kidogo mtupie kwenye maji kabla hamjalipa, dakika moja tu. Halafu nailoni yenyewe inakunywa maji na kuvimba, kwa hiyo bushi ya pampu ukiichonga ikabana shafti tangu mwanzo, baada ya siku kadhaa haizunguki, iachie nafasi. Na usiipeleke karibu na asidi ya betri, itaharibika.

Ombi langu kwenu Mhariri, ile mifuko iandikeni mifuko ya plastiki, na wenye maduka waandike kwenye rodi ni plastiki gani, sio kila cheupe kinaitwa nailoni.

Fundi mchongaji,
Morogoro