Mwanangu, baridi ya Torino usiinyamazie

Mwanangu,

Mamako jana kanionyesha kwenye simu, Torino huko Italia usiku inashuka chini ya sifuri, na wewe unaingia huko Januari na visweta viwili. Sijalala vizuri. Najua Kitaliano changu cha kubeba sahani Watamu unakicheka, na cheti cha A2, ngazi ya pili ya Kitaliano, umekipata wewe sio mimi, nimekionyesha mpaka kwa watu wa bodaboda, lakini hebu nisikize.

Ukisikia baridi sema ho freddo. Ukisema sono freddo umewaambia wewe ni mtu baridi, huna hisia. Hali ya hewa ikiwa baridi ni fa freddo, ikiwa joto fa caldo, na mvua na theluji hazitaki mtu mbele yake, piove, nevica, basi imeisha. Jua likiwaka ni c'è il sole. Misimu nayo, primavera (machipuko) na estate (kiangazi) ni za kike, autunno (vuli) na inverno (kipupwe) za kiume, na hapo ndio unateleza kila siku kwa haraka zako, unaona estate inaishia na e unaifanya dume. Andika un'estate calda, na kile kialama juu, lakini un inverno freddo hakina. In inverno au d'inverno zote sawa, in primavera iache hivyo hivyo. Na herufi kubwa hapana.

Wageni wetu Waitaliano huku kutwa fa caldo, fa caldo, hakuna aliyeona haya kulalamika. Na wewe usione haya. Tabia yako ya kunyamaza naijua.

Chumbani uliza il riscaldamento, yaani mfumo wa kupasha joto nyumba. Kwa kawaida huko inawashwa 15 Oktoba mpaka 15 Aprili, tena mwisho masaa 14 kwa siku, kwa hivyo usiku termosifone, lile bomba la joto ukutani, itapoa, blanketi la pili liombe siku ya kwanza, usingoje mpaka meno yagongane. Sema tu, ho freddo.

Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, tutapishana saa moja badala ya mbili, mweleze mamako wewe mwenyewe, mimi hanisikizi. Pesa ya koti natuma Ijumaa, yule mbuzi mweusi kashapata mteja, ila bei yake inanichoma. Nunua koti, sio viatu. Na chaja ya laptopu umeiacha kwa nyanyako juu ya friji, nitampa dereva wa matatu ya asubuhi, mngoje hapo Mombasa stejini na simu iwe imewashwa.

Babako