Barua kwa mwanangu: kabla hujapanda Mau na ile Honda

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, goti lake limetulia tangu mvua zipungue. Ile sauti ya injini ya pikipiki uliyotutumia nimeisikiliza mara nne. Silinda zote nne zinapokezana bila kukohoa. Kabureta zile zilikuwa zimekaa na petroli iliyoganda kwa miaka, na wewe umezifungua na kuzirudisha peke yako. Nimejivunia sana, binti yangu, na nimewaambia majirani.

Halafu ukaandika kwamba Desemba utakuja nayo nyumbani, kutoka Kisumu kupitia Kericho na milima ya Mau. Usiku huo usingizi ulinipaa. Ndiyo sababu ya barua hii, na ya kifurushi ambacho dereva wa matatu atakukabidhi kesho kutwa. Ndani mna paipu mbili mpya za breki, zile zilizofumwa kwa waya wa chuma, na washa za shaba, vile vipete vya kuzuia mafuta yasivuje, kwenye karatasi. Mna pia kipande cha mpira mweusi, kirefu kama kidole, kilichopasuliwa kwa kisu. Anza na hicho kipande.

Kipeleke kwenye mwanga. Nje ni kizima, hakina ufa wala malengelenge, kama kilitoka dukani juzi. Sasa kitazame ndani. Mpira umevimba ukajaa, tundu likabaki jembamba kiasi kwamba njiti ya kiberiti haipiti. Nilikikata kutoka kwenye paipu ya breki ya hiyo hiyo Honda ulipokuwa na miaka mitatu. Nimekiweka kwenye kopo la misumari siku zote hizi, na sikuwahi kukueleza kwa nini.

Tulikuwa tunatoka Kericho, mimi na mama yako, wewe tumekuacha kwa nyanya yako. Wiki kadhaa kabla, pikipiki ilikuwa nzito kidogo, na pedi za breki ya mbele zilikuwa zinaisha haraka. Nilimpelekea fundi niliyemwamini. Akabadilisha pedi. Nikarudi, akabadilisha tena. Paipu aliipangusa kwa kitambaa, akaniambia bado ni mpya. Nami niliikubali kauli hiyo kwa sababu nilikuwa naona mng'ao ule ule alioona yeye.

Tulipopita Mau Summit tukaanza kuteremka, nikawa nagusa breki ya mbele kila kona, kama kila mtu. Unaijua ile njia: malori yamejipanga kwa gia ndogo, harufu ya breki zilizoungua imetanda hadi Salgaa. Nilidhani harufu ile ni ya malori. Baada ya Sachangwan nilibonyeza mkono wa breki, ukaja wote hadi ukagusa shiko la usukani. Hakuna kitu. Nikapiga tena, hakuna. Mbele yetu kulikuwa na lori la mbao. Nikashusha gia mbili, nikakanyaga breki ya dramu ya nyuma hadi ikalia, nikaitoa pikipiki nje ya lami kwenye changarawe. Tulisimama hatua chache kutoka kwenye mtaro. Mama yako alikuwa amenishika koti kwa nguvu hata kifungo kilikatika. Hakusema neno lolote mpaka tulipofika nyumbani.

Diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, ilikuwa imegeuka rangi ya buluu. Mama yako alitaka kuimwagia maji ya chupa, nikamzuia, maana chuma chenye moto vile kikipozwa ghafla kinaweza kupinda. Tukangoja. Gurudumu lilikuwa limekaza, halisukumiki, ingawa sikuwa nimegusa breki. Ndipo nikachukua spana nikalegeza ile nipo, skrubu ndogo ya kutolea hewa, kwenye kalipa, kile kibanio kinachokandamiza pedi. Mafuta ya breki yakaruka, na gurudumu likaachia papo hapo. Hapo nikaelewa. Mkono wangu ulikuwa na nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite kwenye tundu lile jembamba, lakini kalipa haikuwa na nguvu ya kuyarudisha. Kila nilipogusa breki, kidogo kilibaki kimefungiwa chini. Pedi zikawa zinasugua diski mteremko mzima, joto likapanda, mafuta yakachemka. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea kama puto. Ndiyo maana mkono wa breki ulianguka.

Mafuta ya breki, mwanangu, yanavuta unyevu kutoka hewani hata kama kifuniko kimefungwa. DOT 4, daraja la mafuta tunayotumia, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishavuta maji kwa kiasi kinachotumika kwenye vipimo, kama asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yangu yalikuwa ya miaka sijui mingapi, yenye rangi ya chai kavu. Na wewe uko Kisumu, kando ya ziwa, penye unyevu kuliko huku kwetu. Yamwage yote. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, usitumie iliyobaki kwenye duka la jirani. Ukiona imeandikwa DOT 5 peke yake, iache: hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na ya kwetu.

Paipu zilizo kwenye Honda sasa ni za mpira, nilizozinunua wiki ile ile ya Sachangwan. Hesabu mwenyewe umri wake. Pikipiki ilikaa stoo miaka mingi, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala.

Utasikia watu wakisema paipu za waya zinaongeza nguvu ya breki. Si kweli kabisa. Nguvu inatokana na pistoni ndogo ya pampu iliyo kwenye usukani kuisukuma pistoni kubwa ya kalipa, na hizo hatuzigusi. Kinachobadilika ni kwamba mpira hufutuka kidogo kila unapobonyeza, kwa hiyo sehemu ya mkono wako inaishia kuujaza mpira. Paipu hizi ndani ni tefloni, ile ile ya kwenye sufuria zisizoshika, na waya wa chuma umeikumbatia isifutuke. Unabonyeza kidogo, breki inaitika, na unajua ni kiasi gani. Wakati Honda walipotoa CB750 mwaka 1969, breki ya diski ya mafuta ilikuwa jambo geni kwenye pikipiki za kuuzwa kwa wingi, na paipu za mpira ndizo zilizokuwepo. CB550 yako ilikuja mwaka 1974 na mpangilio huo huo. Kwa hiyo usisikitike kwamba unaiharibia uasilia. Tangi ling'arishe upendavyo, lakini hapa usiniletee habari za uasilia.

Nimeagiza mbili, si moja. Wengi wanaruka kile kiungo kilicho chini ya usukani, paipu mbili zinapokutana, wakaweka paipu moja ndefu, inaonekana safi. Lakini kwenye kiungo hicho ndipo ilipo swichi ya taa ya breki ya mbele, inayowashwa na msukumo wa mafuta. Ukikiruka bila kupanga swichi nyingine, utashika breki ya mbele na matatu iliyo nyuma yako haitaona taa. Acha kiungo kilipo. Ile paipu fupi ya chuma inayoshuka kwenye kalipa isugue uikague. Ikiwa kutu imekula hata kidogo, niambie tuitafutie nyingine.

Urefu niliupima kwa kamba kabla hujaipakia kwenye pikapu. Hata hivyo pima tena kabla hujakaza. Inua gurudumu la mbele litoke chini, shoki zinyooke kabisa, halafu zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Paipu isivutike popote, isijikunje, na isigusane na tangi wala tairi. Hizi nimezichagua zenye ganda la plastiki kwa nje, kwa sababu waya mtupu ukisugua rangi au alumini hukata kama tupa.

Kila bolti ya banjo, ile yenye tundu la kupitisha mafuta, ina washa mbili, moja kila upande wa kichwa cha paipu. Najua mafundi huchoma washa za zamani hadi ziwe nyekundu ili shaba ilainike, na inafanya kazi, nimeifanya mwenyewe. Wewe tumia mpya, nimekuwekea na za akiba. Anza kila bolti kwa vidole. Za Honda yako ni milimita 10 kwa hatua ya 1.25, yaani umbali kati ya uzi na uzi, na kuna nyingine za 10 kwa 1.0 zinazofanana nazo kwa macho. Ikikataa vidole, usiilazimishe kwa spana.

Kabla ya kuweka mafuta, fungua kifuniko cha pampu ya juu utazame kwenye kitako cha kikombe cha mafuta, kwa ndani. Kuna matundu mawili, moja kubwa, moja dogo kama la sindano. Hilo dogo ndilo linaloyaruhusu mafuta kurudi. Likiziba kwa uchafu ulioganda, breki itakaza vile vile kama ya Sachangwan, hata paipu ziwe za dhahabu. Lizibue kwa unyuzi mmoja mwembamba wa waya, polepole, usilikwangue.

Kwenye kutoa hewa ndipo uvumilivu wako utakapohitajika. Paipu zikiwa tupu, ukipiga mkono wa breki utapiga hadi jioni bila kuona mafuta. Nunua sirinji kubwa duka la dawa na kipande cha mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze kutoka chini, kwenye nipo, kwenda juu, kwa sababu hewa nayo hupenda kupanda. Ukiona kikombe kinakaribia kufurika, nyonya. Kisha malizia kwa kawaida: bonyeza, shikilia, legeza nipo, kaza nipo, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kukaza, umeivuta hewa tena. Kikombe kisikauke hata mara moja. Funika tangi kwa taulo lililoloa, na tone likianguka kwenye rangi, mwagia maji mengi mara moja, maana mafuta haya yanabandua rangi.

Ukimaliza, bonyeza kwa nguvu zako zote uhesabu hadi sitini, halafu pitisha karatasi kavu ya tishu kwenye kila kiungo. Karatasi itakuonyesha unyevu ambao jicho halioni. Zungusha gurudumu kwa mkono, shika breki, achia, zungusha tena. Lisikaze. Jaribu kwanza uani, kwa mwendo wa kutembea. Halafu kwa wiki nzima zunguka hapo hapo mjini, panda kilima cha Riat mara kadhaa na kuteremka, na baada ya hapo kagua viungo upya. Kama kuna kitu kitashindwa, nataka kishindwe Kondele, penye watu, si kule Mau.

Mama yako anasema ukija ulete omena, na kwamba ile nafasi ya nyuma ya Honda ni yake.

Usiku wa kwanza baada ya kutoa hewa, vuta mkono wa breki uufunge kwenye shiko kwa blada, uache hadi asubuhi. Viputo vidogo vilivyojificha kwenye bolti ya juu huwa vinapanda vyenyewe hadi kwenye kikombe. Ukiamka, kabla ya chai, fungua blada, bonyeza mara moja, kisha nipigie simu uniambie umeishia wapi. Nitakuwa macho.

Ni mimi, baba yako.