Mjomba, usiipeleke 404 kwenye mizani

Shikamoo mjomba,

Mama kaniambia pesa uliyonayo inatosha kufufua gari moja tu kati ya yale mawili yaliyo chini ya mwembe, na umeshaichagua Volkswagen, ile Beetle. Ile Peugeot 404 wanakuja kuipima watu wa chuma chakavu. Nakuandikia kabla hawajafika, tena hadharani, maana najua zipo 404 nyingine zimewekwa juu ya mawe zikingoja siku kama hiyo.

Hoja yako naijua: Volkswagen ndiyo iliyotangulia. Ni kweli. Ilishinda mbio za magari za Safari, zile za Afrika Mashariki, 1954, ikarudia 1957 na 1962. Injini yake imekalia magurudumu yaleyale yanayosukuma, ndiyo maana kwenye tope la masika inapanda huku magari makubwa yakibaki kuzungusha tairi. Inapozwa kwa upepo, haina rejeta ya kuchemka mlimani. Mimi mwenyewe nimejifunzia udereva humo, na bado naiona ile koki ya petroli ya akiba uliyokuwa ukiigeuza kwa mguu, kwa kuwa gari halina geji ya mafuta. Nalipenda gari lile, mjomba.

Lakini kumbuka 1963. Yalianza magari 84, yakamaliza 7. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania, kwa 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakaichukua tena, na safari hiyo pia yalifika 7 tu. Mbio zenyewe zilikuwa za Pasaka, mvua ikiwa imeshashika. Hiyo si bahati ya dereva mmoja.

Injini ya 404 ina ujazo wa sisi 1618, ya Volkswagen ya enzi hizo 1192. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, 404 inaizidi Volkswagen kwa karibu sentimita 25, na springi zake laini zinalimeza shimo kabla hujalisikia. Volkswagen ukiikatisha kona kwa kasi, nyuma inataka kutangulia.

Na yule bibi aliyekuzaa, usiku ule tulipomkimbiza hospitali, tulimlaza kiti cha nyuma cha gari gani? Barabara yote ile ya makorongo alilala usingizi. Ulilisema wewe mwenyewe msibani.

Fundi nimeshaongea naye. Anasema injini ya 404 bado inazunguka, kutu imekula chini ya milango tu. Volkswagen itangoja, ifunike turubai, chomoa betri. Pasaka nakuja na gasketi ya silinda hedi pamoja na pesa ya matairi mawili. Hao watu wakifika, waambie warudi na mizani yao.

Mpwa wako