Kufeli kwa breki si jibu, aulizwe mwenye lori

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Habari yako ya wiki iliyopita, ya lori lililoyakuta magari yamesimama kwenye foleni likayagonga kwa nyuma, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wako alitaja idadi ya waliofariki, akasema chanzo ni kufeli kwa breki, akaongeza kwamba dereva anashikiliwa, basi. Mwenye lori hakutajwa. Mwenye mzigo hakutajwa. Majeruhi watalipwa na nani, hatukuambiwa.

Breki za lori hazifi ghafla kama mtu aliyepigwa na radi. Malori makubwa hutumia breki za upepo, na zimeundwa hivi kwamba upepo ukiisha kwenye mfumo, springi hubana magurudumu zenyewe. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba breki zimelegea siku nyingi na hakuna aliyezikaza, au lining, zile sehemu za breki zinazosugua kulisimamisha gurudumu, zimekwisha, au lori limeshuka mteremko mrefu kwa gia nyepesi huku mguu ukiwa juu ya breki mpaka zikapata moto na kuacha kushika. Kila moja kati ya hayo ina mtu nyuma yake. Yupo fundi aliyeona akanyamaza. Yupo msimamizi aliyesaini fomu ya ukaguzi bila kuinama chini ya gari. Yupo tajiri aliyeamuru lipige safari moja zaidi ndipo liingie gereji, na yupo aliyepakia mzigo kupita uwezo wa gari. Kumfunga dereva peke yake ni kuwaacha hao wote waendelee na kazi kesho asubuhi.

Sheria haina ugumu hapa, na ndiyo maana nakasirika. Katika nchi nyingi anayekuja nyuma ana wajibu wa kuacha nafasi ya kutosha kusimama, na akigonga, yeye ndiye mwenye kazi ya kujieleza. Mwajiri huwajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini. Na kufeli kwa breki hakumwokoi mwenye gari kwa kutamkwa tu. Uingereza hilo liliamuliwa mwaka 1969 na Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa ndiyo mahakama ya juu kabisa: lori lilipoteza breki kwenye mteremko likaua mtu, na ikabainika kwamba bomba la mafuta ya breki lilikuwa limeliwa na kutu mahali pasipoonekana bila kulifungua. Wenye lori walijitetea kwamba kasoro ilijificha. Mjane alishinda. Majaji walitaka wenye lori waonyeshe historia ya gari lile, lilibeba nini na lilipita wapi, ili ijulikane kama kulikuwa na sababu ya kulikagua zaidi ya kawaida, nao hawakuonyesha. Hayo yalisemwa zaidi ya nusu karne iliyopita, na bado sisi tunaandikiwa kwamba breki zilifeli kana kwamba uchunguzi umekamilika.

Nazungumza nikiwa na shingo isiyogeuka vizuri. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni, breki nimekanyaga, taa za nyuma zinawaka, lori likaniingia. Nikiwa bado wodini, sijapata hata majibu ya picha za mgongo, alikuja mtu wa bima akiwa na pole nyingi, bahasha na karatasi ya kusaini. Mke wangu aliichukua akaisoma mpaka chini, na huko chini kuliandikwa kwamba nimepokea malipo kamili na ya mwisho, na kwamba sitadai chochote tena kwa madhara yanayojulikana na yatakayojulikana baadaye. Yatakayojulikana baadaye, Mhariri! Maumivu ya shingo baada ya kugongwa kwa nyuma huweza kujitokeza siku kadhaa baada ya ajali, na mtu aliyesaini siku ya pili anakuwa ameuza matibabu ya miaka kwa pesa ya kurudia nyumbani. Mke wangu alimrudishia bahasha yake. Wakili alipoanza kuandika barua ndipo tukajua kichwa cha lori kina mwenyewe, tela lina mwingine, mzigo una wa tatu, na dereva, ambaye alivaa fulana yenye jina la kampuni, eti hakuwa mwajiriwa wa mtu bali kibarua wa kujitegemea. Tulipoomba kumbukumbu za kompyuta ya injini, zile zinazoweza kuonyesha mwendo na kama breki ilikanyagwa kabla ya kugonga, tukajibiwa kwamba lori limeshatengenezwa, limerudi barabarani, na kumbukumbu hazipo. Ushahidi wangu ulifutwa wakati mimi nafundishwa kukaa kitandani.

Na hapa sitanyamaza kuhusu usingizi, maana habari zako hazigusi saa za dereva. Lori likienda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva macho, mwenye akili timamu, anahitaji kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujafika kwenye breki, na kufikia hapo mita 33 zimeshapita. Aliyechoka huchelewa zaidi ya hapo. Umoja wa Ulaya humtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Marekani, anayebeba mizigo hapaswi kuendesha zaidi ya saa 11 baada ya mapumziko ya saa 10. Hata huko watu huvunja. Juni 2014 lori la Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, liliwagonga kwa nyuma mchekeshaji Tracy Morgan na wenzake kwenye barabara kuu ya New Jersey, na mwenzake James McNair akafa. Wachunguzi walikuta dereva amekaa macho zaidi ya saa 28. Kampuni kwanza iliwalaumu majeruhi kwamba hawakufunga mikanda, kisha mwaka uliofuata ikakubaliana nao. Yule alikuwa mtu maarufu, mwenye mawakili. Abiria wa kawaida akiambiwa kosa ni la mkanda wake, anaenda nyumbani. Na dereva anayelipwa kwa safari badala ya saa atakesha tu, watoto wake wanakula kwa safari hizo.

Ninachotaka ni hiki. Kila mtakapoandika habari ya lori kugonga kwa nyuma, mwulize na kuchapisha: kichwa ni cha nani, tela ni la nani, nani alipakia, breki zilikaguliwa lini na nani alisaini, na dereva alikuwa amekaa kwenye usukani kwa muda wa saa ngapi. Mtu akikataa kujibu, mwandike kwamba amekataa. Na watunga sheria waweke vifungu viwili. Cha kwanza, lori lililoua au kujeruhi lisiondoke mikononi mwa polisi kabla kumbukumbu za injini na za saa za dereva hazijanakiliwa na nakala kupewa majeruhi. Ulaya kampuni hulazimika kutunza rekodi za saa kwa angalau mwaka mmoja, na Marekani kwa miezi sita. Majeruhi mwenye mguu kwenye plasta hawezi kukimbizana na muda huo. Cha pili, karatasi yoyote ya kumaliza madai ya ajali iliyosainiwa mgonjwa akiwa bado amelazwa iwe batili, hata kama alisaini kwa mkono wake mwenyewe na mashahidi wakiwepo.

Waliogongwa wiki iliyopita bado wako wodini, na ninaamini bahasha zimeshawafikia. Mtume mwandishi wako akawaambie wasisaini kabla ya kuonana na wakili, na akiwa huko awaulize majina ya kampuni zilizoandikwa kwenye hizo karatasi.

Msomaji wako wa siku nyingi