Jina Moja Kwenye Bango

Memphis, Tennessee

Mdogo wangu Rajabu,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yangu. Kazi ipo, baridi imekwisha, na hayo yanatosha kuhusu mimi.

Ujumbe wako wa kuomba fedha nimeupata, pamoja na lile bango la bendi yenu ulilonitumia kwa simu, na kila nikilitazama naona sura moja na jina moja, lako. Hamza hayumo. Juma hayumo. Nilimpigia Baba Mdogo kumsalimia tu, naye hakugusa kabisa habari ya bango, jambo lililonitia wasiwasi kuliko kama angefoka, kwa maana sote tunajua akinyamaza huwa ana nini moyoni.

Umeniandikia kwamba siku hizi mwanamuziki ni mmoja, na kwamba kazi ya hao wa nyuma hata kompyuta inaiweza. Unataka nigharimie studio ya Dar es Salaam ili ukaimbe peke yako juu ya midundo iliyokwisha kutengenezwa na mtu asiyekujua. Juu ya fedha nitakujibu, lakini kwanza usome hadi mwisho, kisha umsomee Mama, kwa sababu yeye ndiye aliyenishauri niandike barua badala ya kugombana nawe kwenye simu.

Sasa nikupe habari yangu moja ya kujivunia. Nimepata santuri ya Carl Perkins, mwimbaji na mpiga gitaa wa rock and roll wa miaka ya 1950, ya kampuni ya Sun ya hapa Memphis, namba 234, ile ya mizunguko 78 kwa dakika, yenye lebo ya njano na jogoo aliyesimama mbele ya miali ya jua. Upande mmoja ni “Blue Suede Shoes” na upande wa pili ni “Honey Don't”. Bei yake naomba nisiitaje, maana nazijua hesabu zitakazopigwa hapo Barabara ya Kumi na Mbili. Itoshe kusema kwamba hapa Memphis wapo wenyeji waliozaliwa mjini humu ambao hawana santuri hiyo, na mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, ninayo, imefungwa vizuri kabatini, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Najua utakachosema ukiiona. Utasema, “Kaka, si unaona, hata hapo kwenye lebo ni jina moja tu.” Ni kweli. Limeandikwa Carl Perkins, basi. Lakini weka sindano usikilize, kisha uniambie kama unayemsikia ni mtu mmoja.

Carl alizaliwa mwaka 1932 karibu na Tiptonville, huku huku Tennessee, katika familia ya Wazungu maskini waliolima pamba kwenye shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Gitaa lake la kwanza lilikuwa boksi la kuwekea sigara kubwa (cigar) lililochomekwa mpini wa fagio, kazi ya mikono ya baba yake. Aliyemfundisha kulipiga hasa ni mzee Mweusi aliyechuma pamba shamba hilo hilo, John Westbrook, na waya ulipokatika Carl hakuwa na senti ya kununua mwingine, akawa anaufunga fundo. Fundo lile lilimzuia kuteleza kidole juu ya waya, basi akajifunza kuuvuta na kuupinda ili aifikie sauti anayoitaka. Ule mlio wake unaolia kama mtu anayelalamika ulianzia hapo. Kwa hiyo hata kile unachoweza kukiita kipaji chake binafsi kimechanganyika na mkono wa mzee ambaye hakuna lebo iliyomtaja.

Kisha wakaja ndugu. Jay, mkubwa wake, alishika gitaa la ridhimu. Clayton, mdogo wao, alishika besi kubwa ya mbao, ile ya kusimama nayo. Familia ilikuwa imehamia upande wa Jackson, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari kutoka hapa nilipo, na ndugu hao watatu wakawa wanapiga usiku katika vilabu vya pombe vilivyokuwa kando ya barabara, mahali ambapo chupa ziliruka na ngumi zilifuata, na Clayton hakuwa mtu wa kukaa pembeni ngumi zikianza. Usidhani basi walikuwa malaika. Najua Juma ana hasira za karibu, na najua nyuzi zangu ambazo Hamza aliziazima mwaka ule hazijarudi hadi leo. Lakini ukipiga na mtu kila juma mbele ya walevi, mtu ambaye mmelala chumba kimoja tangu utotoni, anajua unapotaka kuvuta pumzi kabla hujaivuta. Huo ndio ufundi uliomo kwenye santuri zile, na wala haununuliwi.

Wa nne nampenda kuliko wote. Jina lake W. S. Holland. Hakuwa mpiga dramu. Alikuwa kijana anayekuja kusikiliza, akisimama karibu na Clayton na kupigapiga ubavu wa ile besi kwa viganja, na Carl akaupenda mdundo wake hata akamwambia aazime dramu waende naye Memphis. Mwaka 1954 wakaja hapa, Union Avenue namba 706, kwa Sam Phillips, mwenye kampuni ya Sun, baada ya kumsikia Elvis Presley redioni na kugundua kwamba yale anayoyafanya yule kijana wao walikuwa wakiyafanya vilabuni siku nyingi. Studio ile bado ipo na watu huingia kuitazama. Ukiingia utashangaa, maana ni chumba ambacho ukumbi wetu wa harusi pale Makorora ungeweza kukimeza mara kadhaa.

Nataka ulielewe hili la chumba, kwa sababu ndilo linalohusu ombi lako. Pale kwa Phillips hakukuwa na kurekodi dramu leo na kuimba kesho. Wote walisimama pamoja, wakapiga pamoja, na sauti zote zikaingia kwenye kanda moja kwa mara moja. Besi ikikosea, wimbo mzima umekosea na mnaanza upya. Juu ya hapo Phillips aliongeza ujanja wake wa kuipitisha sauti kwenye mashine ya pili ya kanda, ikarudi ikiwa imechelewa kidogo sana, na ule mwangwi mfupi ukafanya wanne wasikike kama wengi. Mashine haikutunga mdundo. Iliurudisha tu mdundo wa watu waliokuwa wamesimama pale.

Mwanzoni Phillips hakuwaachia. Tayari alikuwa na Elvis kwa muziki wa kuchangamka, akataka Carl abaki upande wa nyimbo za taratibu za kikantri. Ndiyo maana ile santuri ya kwanza ya mwaka 1955 ina “Turn Around”, yenye fidla na gitaa la chuma linaloteleza, wimbo mzuri wa majonzi, na upande wa pili “Movie Magg”, ambao Carl aliutunga akiwa bado kijana, juu ya kumpeleka msichana sinema akiwa amepanda nyumbu. Mimi kwa sikio langu namwona Carl halisi kwenye huo wa nyumbu. Novemba mwaka huo Phillips akauuza mkataba wa Elvis kwa kampuni ya RCA, na mlango ukafunguka. Tarehe 19 Desemba 1955 wale wanne wakaingia chumbani wakatoka na “Blue Suede Shoes”.

Sikiliza mwanzo wake. Carl anaimba maneno machache peke yake, vyombo vinagonga kwa pamoja na kunyamaza. Anaimba tena, vinagonga tena. Halafu wote wanaachia kwa mkupuo, Clayton akizivuta nyuzi za besi hadi zinaupiga mti kwa kishindo, kiasi kwamba huwezi kutofautisha alipoishia yeye na alipoanzia Holland. Katika vile vinyamazo vya mwanzo hakuna mtu anayepiga kitu chochote, na hapo ndipo bendi inapojulikana, maana kunyamaza pamoja ni kugumu kuliko kupiga pamoja. Muulize mzee yeyote aliyecheza dansi Tanga enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kama walikwenda ukumbini kumsikiliza mtu mmoja. Marehemu Mzee alikuwa akisikiliza ridhimu, akitikisa kichwa, na mwimbaji akikosa maneno wala hakujali.

Na kama unadhani ndugu hawawezi kuimba, tafuta “Sure to Fall”, wa kipindi hicho hicho. Sauti ya Jay imo mle, nzito na ya kishamba kwa maana nzuri, ikishikana na ya Carl kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja. Wimbo huo mimi huusikiliza nikitoka kazini, na nikueleze ukweli, upo usiku ambao siufikishi mwisho, kwa sababu hunikumbusha wewe na Hamza mkiimba kaswida uani na Mama akijifanya hasikii.

“Blue Suede Shoes” ukawa wimbo wa kwanza wa Sun kuuza santuri milioni moja, na ukapanda katika orodha za pop, za kikantri na za muziki wa Weusi kwa wakati mmoja. Machi 1956 walikuwa njiani kwenda New York kuonekana kwenye televisheni ya taifa zima. Karibu na Dover, jimbo la Delaware, gari lao liliigonga pikapu, na dereva wa pikapu hiyo akafariki. Carl alivunjika pingili tatu za shingo na mtulinga, akarushwa nje na kulala kifudifudi kwenye mtaro wenye maji, hana fahamu. Aliyemgeuza uso akapata kupumua alikuwa Holland. Mpiga dramu, Rajabu. Yule wa nyuma.

Jay naye alivunjika shingo. Televisheni ikawapita, na muda si mrefu Elvis ndiye aliyeonekana akiuimba wimbo huo mbele ya taifa. Waliofika hospitali kumjulia hali Carl ni wapiga vyombo wa Elvis, Scotty Moore na Bill Black na D. J. Fontana. Usiwasahau hao, kwa sababu wana somo lao. Mwaka uliofuata Scotty na Bill walijiuzulu, kisa ni mshahara, wakati aliyekuwa mbele yao tayari ni tajiri wa kupigiwa mfano, ingawa mlio ule wa mwanzo wa Elvis ulikuwa gitaa la Scotty na besi ya Bill, kwa kuwa siku za kwanza hapakuwa hata na dramu. Jina lilikuwa moja pale pia.

Carl alipopata nafuu wakarudi chumbani. Tarehe 4 Desemba 1956 walirekodi “Matchbox”, kutokana na mistari michache ambayo baba yao Buck aliikumbuka, na safari hii Phillips alikuwa amemkodi kijana wa piano asiyejulikana bado, Jerry Lee Lewis. Siku hiyo hiyo Elvis alipita kusalimia, wakaishia kuimba pamoja, na dunia inaikumbuka siku ile kwa sababu ya picha ya mastaa wanne, hao watatu na mwimbaji Johnny Cash. Mimi naikumbuka kwa Clayton na Jay na Holland, ambao ndio walikuwa kazini. Miaka minane baadaye wavulana wa Beatles waliurekodi “Matchbox” na “Honey Don't” pia, tena kwa heshima ya kuzifuata nyayo za wale wa nyuma kadiri walivyoweza.

Jay alifariki Oktoba 1958 kwa uvimbe wa ubongo. Carl alikuwa amekwisha kuhamia kampuni ya Columbia, na ingawa wajuzi wengine watanibishia, nyimbo za huko nazisikia safi, zimenyooshwa, na zimepoa. Clayton alijitoa uhai siku ya Krismasi ya 1973. Holland alikwenda kwa Johnny Cash akampigia dramu karibu miaka arobaini, na alifariki mwaka 2020, hapo hapo Jackson. Carl mwenyewe alifariki mwaka 1998, na hakuwahi kupata tena wimbo wa ukubwa ule.

Sasa fedha. Za studio ya Dar es Salaam ya mtu mmoja sitatuma. Nitatuma, mwezi ukiisha, fedha za amplifaya moja ya besi, seti ya nyuzi, na ngozi mpya za dramu, kwa sababu niliisikia ile video ya harusi ya Mwanaidi na dramu za Juma zinalia kama debe la mafuta ya taa. Fedha zitaingia kwenye simu ya Mama, si yako, na dukani mtakwenda watatu. Risiti abaki nayo Mama. Bango lichapishwe upya, na gharama hiyo utaibeba wewe mwenyewe, kwa kuwa la kwanza hukumuuliza mtu.

Mkirekodi pamoja, hata kwa simu, chumba kimoja, wote mmesimama, nitumie. Ikiwa nzuri tutazungumza habari za Dar es Salaam, na nauli ya watatu nitaitoa. Na kabla ya yote hayo uende kwa Baba Mdogo ukamsalimie, uende Ijumaa baada ya sala anapokuwa barazani, usiende na simu mkononi.

Mwambie Hamza nyuzi zangu nimemsamehe.

Wasalaam,
Kaka yako